Mchana mshika tochi, usiku fundi mkuu: barua ya wazi kwa wenye karakana za malori

Kwa wamiliki wa malori, mameneja wa usafirishaji na mafomeni wa karakana zinazohudumia magari ya njia ya Dar es Salaam hadi Tunduma.

Waheshimiwa,

YAH: KUKABIDHIWA KAZI KWA VIPIMO BADALA YA KUKISIA

Tunawasalimu kwa heshima. Tunaoandika ni mafundi na wasaidizi wa mafundi wa malori, wenye vyeti na wasio navyo. Hatutaji karakana wala kampuni yoyote. Mwenye jambo hili kwake atalitambua, na asiye nalo tunampa hongera na kumwomba awafundishe wenzake.

Suala hili tumelisema ndani kwanza, kama inavyopasa. Tumelisema kwenye vikao vya asubuhi, tumelisema kwa mafomeni mmoja mmoja, na pengine limeandikwa kwenye daftari la maoni lililoning'inia karibu na stoo. Jibu limekuwa lilelile: "Mtapewa kazi mkishakomaa." Hakuna aliyewahi kutuambia kukomaa kunapimwa kwa kipimo gani, ndiyo maana leo tunaandika hadharani.

Lenyewe ni hili. Katika karakana nyingi hakuna mahali palipoandikwa fundi gani anaruhusiwa kufanya kazi gani bila kusimamiwa. Kuaminiwa kunategemea fomeni ameamkaje. Akiamka vizuri unafungua hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, akiamka vibaya unaosha vyuma. Anayeumia kwa utaratibu huo si msaidizi peke yake. Linaumia gari, linaumia jina la karakana, na anaweza kuumia mtu aliyesimama kando ya barabara asiyejua hata spana inashikwaje.

1. Kushika tochi kusikokuwa na mwisho

Msaidizi huanza kwa kuosha vyuma kwa dizeli, kupiga grisi, kupeleka spana na kushika tochi. Hapo hatuna neno. Anayepiga grisi kwa makini hujua kabla ya wengine kwamba krosi ya propela, mhimili unaopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu, imeanza kulegea au kwamba pini ya springi imekauka. Malalamiko yetu ni kwamba hakuna ajuaye hatua hiyo inakwisha lini.

Mtu anaweza kushika tochi miaka minne juu ya injini ileile, akajua kila bolti inakaa wapi, na asiwe amekaza hata moja ya hedi. Siku akipewa, hukaza kama alivyoona, na kuna mambo ambayo jicho halioni. Bolti za hedi hukazwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu. Kwanza torki (nguvu ya kukaza) ndogo kwa zote, kisha torki kubwa zaidi, halafu kwenye injini nyingi za sasa zinazungushwa kwa nyuzi za pembe, tisini au kadiri kitabu kinavyoagiza. Anayetazama kwa pembeni anaona mtu anazungusha spana tu. Haoni kwamba mzunguko wa pili ulikuwa na kipimo tofauti na wa kwanza. Haoni kwamba fundi alipima urefu wa bolti kabla ya kuirudisha, au kwamba aliinyonya oili iliyotuama kwenye tundu. Oili ikibaki chini ya bolti, bolti inakaa juu yake kama pistoni: spana inalia kwamba torki imefika, kumbe hedi bado haijabanwa, na bloku inaweza hata kupasuka. Kilomita elfu mbili baadaye gari linachemsha maji, na lawama inamwendea gasketi.

Kuhusu vyeti tuseme wazi, maana hapa tunakubaliana nanyi kwa sehemu. Cheti cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, peke yake si ushahidi kwamba mtu anaweza kushusha giaboksi ya lori. Vijana wengi wamejifunzia injini ndogo ya petroli iliyofungwa kwenye stendi darasani, na siku ya kwanza wakisimama mbele ya injini ya lita kumi na mbili wanapotea. Lakini dawa ya hilo ni kumpima. Kumfanya aoshe vyuma mpaka asahau alichosoma si dawa. Vilevile wapo waliojifunzia chini ya mwembe, hawana karatasi hata moja, na mikono yao inajua. Hao VETA ina utaratibu wa urasimishaji wa ujuzi kwa ajili yao. Karakana ngapi zimewahi kumpa mtu ruhusa ya siku chache akapimwe?

2. Mchana haaminiwi, usiku anaaminiwa

Hili ndilo linalotuuma kuliko yote, kwa hiyo mtuvumilie tukikaa hapa kidogo.

Saa nne asubuhi msaidizi anakatazwa kugusa breki kwa sababu "bado." Saa nne usiku simu inaingia: lori limekwama Kitonga, propela imekatika. Fundi mkuu yuko Mbeya na fomeni amechoka. Msaidizi yuleyule anapandishwa basi na boksi la spea, jeki moja, na maneno "ukifika utaniambia." Katika saa kumi na mbili ameruka ngazi zote za ufundi bila hata mtu mmoja kumpima.

Wanaoifahamu Kitonga wanajua palivyo: mteremko mkali, kona zinazofuatana, mlima upande mmoja na bonde upande wa pili, na malori yanayopanda na kushuka usiku kucha. Lori lililojaa linaweza kufika tani 56 kwa mujibu wa sheria ya uzito ya Afrika Mashariki. Sasa angalieni mambo ambayo mtu aliyetumwa huko lazima ayajue kabla hajalala chini ya gari.

Lori la breki za upepo likipoteza upepo hujifunga lenyewe, kwa sababu springi kubwa iliyo ndani ya chemba za breki za nyuma ndiyo inayosukuma breki, na upepo ndio unaoizuia. Likiwa halina upepo na linatakiwa kusogezwa, springi hiyo hukunjwa kwa bolti yake maalumu. Asiyefundishwa hukunja chemba zote kwanza, halafu ndipo anakumbuka kutafuta mawe ya kuwekea matairi. Kati ya vitendo hivyo viwili, tani hamsini na kitu ziko mlimani bila breki. Utaratibu ni huu: vizuizi kwanza, kwenye matairi ya pande zote mbili na upande wa mteremko, kichwa kingine cha lori au gari la kuvuta liwe limefungwa tayari kama mteremko ni mkali, ndipo bolti ya kwanza iguswe. Na mkanda unaofunga chemba hiyo mtu yeyote asiufungue barabarani, awe mkongwe au mgeni. Springi iliyobanwa ndani huruka kwa nguvu inayoweza kuua. Chemba ya namna hiyo hubadilishwa nzima.

Kwa Canter na malori mengi madogo ya Kijapani mtego ni mwingine. Breki ya mkono iko nyuma ya giaboksi na inashika propela. Ukiishusha propela, breki ya mkono umeishusha nayo, hata kama dereva ameivuta mpaka juu na anaapa. Jambo hili huelezwa kwa sentensi moja. Msipolisema karakanani, mtu atalijua gari likianza kutembea juu yake.

Halafu jeki. Jeki ya chupa juu ya lami yenye mwinamo huteleza, na juu ya udongo huzama. Inatakiwa ubao mpana chini yake, na stendi mbili chini ya ekseli kabla mtu hajaingiza hata mkono. Tunajua boksi la barabarani mara nyingi halina stendi kwa sababu "zinajaza basi." Basi na mtu naye asiingie chini.

Tunachosema hapa ni kwamba kazi ya barabarani ni ngumu kuliko ya karakanani, ingawa mnaipa watu kana kwamba ni nyepesi. Mwanga ni mdogo, muda ni mchache, dereva anafoka, mwenye mzigo anapiga simu, na hakuna wa kuuliza. Anayestahili kwenda ni yule aliyekwisha kuifanya kazi hiyohiyo karakanani peke yake na kazi ikakaguliwa ikaonekana safi. Hata rubani mwanafunzi haruhusiwi kuruka peke yake mpaka mwalimu wake asaini.

3. "Umekaza?" "Nimekaza."

Mazungumzo haya ya maneno mawili ndiyo ukaguzi wa karakana nyingi. Fomeni anauliza akiwa anatembea, fundi anajibu akiwa anafuta mikono, gari linatoka. Hapo kazi haijakaguliwa, watu wameagana tu.

Chukueni nati za magurudumu. Kwa nati za M22 za malori, viwanda vingi huandika karibu Nm 600 (nyutoni mita, kipimo cha torki), vingine zaidi, na mwamuzi ni kitabu cha gari husika. Tukiliweka kwa lugha ya mikono: mtu wa kilo sabini akisimama kwa uzito wake wote kwenye ncha ya bomba la mita moja, bomba likiwa limelala sawasawa, anatoa karibu Nm 690. Akirukaruka juu yake, kama tunavyoona kila siku, hakuna ajuaye ametoa ngapi, na stadi, bolti zinazoshika gurudumu, huvutika mpaka zikachoka. Bomba likiwa fupi au mtu akiwa mwembamba, nati inabaki legelege. Mashine ya upepo nayo inakaza kufuatana na tenki lilivyojaa, haisomi kipimo. Spana ya torki ipo, lakini imefungiwa ofisini kwa meneja kwa kuwa ni ya bei. Fundi anapimwa kwa kifaa ambacho hapewi.

Na torki peke yake haitoshi. Rangi nene au kutu kati ya rimu na hab (kitovu cha gurudumu) hubonyea gari likianza kubeba mzigo, na nati iliyokuwa imekaza inalegea bila kuguswa na mtu. Kwa hiyo nyuso zinasuguliwa kwa brashi ya waya, nati zinakazwa kwa kuvuka upande hadi upande na si kwa kuzunguka, kisha zinakazwa tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Kwa gari lililotoka Dar, hiyo ni kusema lisipite Chalinze kabla halijaguswa. Nani amepewa jukumu hilo, dereva au fundi? Kama halikuandikwa kwenye kadi ya kazi, halina mwenyewe.

Breki ni vivyo hivyo. Slaki ajasta (kirekebisha breki) ya kukaza kwa mkono hukazwa mpaka laini ziguse dramu, halafu hurudishwa robo hadi nusu mzunguko. Lakini uthibitisho hauko kwenye mkono wa fundi, uko kwenye fimbo ya chemba. Kwa chemba ya kawaida ya namba 30, breki ikikanyagwa kwa upepo wa bar 6 hadi 7, fimbo isitoke zaidi ya milimita 51, na kushoto na kulia zisiachane sana, la sivyo gari litavuta upande mmoja. Hiyo hupimwa kwa rula na chaki kwa dakika kumi. Zile zinazojikaza zenyewe hazitakiwi kukazwa kwa mkono kila sevisi. Ukiona imeachia, kuna kitu kingine kimekufa: ajasta yenyewe, bushi za kemshafti, au imefungwa vibaya. Fundi anayeikaza kila mwezi anaficha ugonjwa, na fomeni anayeuliza "umekaza?" anamsaidia kuuficha.

Beringi za magurudumu zinazorekebishwa kwa mkono zinatakiwa ziachwe na mchezo, yaani ulegevu, mdogo sana, milimita 0.025 hadi 0.125, unaosomwa kwa geji ya saa. Kwetu kanuni ni "kaza kabisa, rudisha robo." Pengine inatosha, pengine hab inawaka moto kabla ya Morogoro.

Tunayaandika haya yote kwa sababu mmezoea kusema kwamba uaminifu ni jambo la moyo. Kwa kazi yetu uaminifu una namba. Fomeni akimpa fundi namba, akampa kifaa cha kuisomea, kisha akaisoma mwenyewe mara kadhaa na kuikuta sawa, hana haja tena ya kubahatisha moyo wa mtu.

4. Makato ya mshahara

Bolti imekatika, mshahara unakatwa. Uzi wa sampu, bakuli la oili chini ya injini, umeliwa, mshahara unakatwa. Skrini imepasuka na hakuna aliyeona nani kaigusa, wote wanakatwa. Mnaona ni njia ya kujenga uangalifu. Tunaomba muangalie inachojenga kwa kweli.

Sampu za alumini huliwa uzi kirahisi pale plagi ya kumwagia oili inapokazwa kwa hasira au washa ya zamani inaporudishwa. Fundi asiyeogopa atasema palepale, uzi utachongwa upya au utatiwa kikombe cha chuma, na kazi itachelewa saa mbili. Fundi anayejua atakatwa atazungushia tepu nyeupe, atapaka silikoni na kuomba Mungu. Plagi itadondoka njiani, injini itakosa oili, na mtanunua injini. Kila shilingi mliyokata kwa ajili ya bolti imelipwa mara mia kwenye makosa yaliyofichwa msiyoyajua.

Sheria nayo inasema. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinaruhusu kukata kwa ajili ya hasara pale tu ambapo hasara ilitokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi huyo, amekubali makato kwa maandishi, amepewa kwa maandishi sababu, kiasi na hesabu yake, amepewa nafasi ya kupinga, makato hayazidi hasara halisi, na hayazidi robo ya mshahara. Kukata watu wote kwa sababu mmoja hajulikani hakumo. Hatuandiki haya kwa kutishia. Tunaandika kwa sababu baadhi yenu hamjaambiwa.

Tunaomba mtofautishe mambo matatu ambayo leo yanahesabiwa jambo moja. Kuna kukosea: bolti yenye kutu imekatika ingawa ilipuliziwa dawa na kusubiriwa. Kuna kukata kona: fundi alijua hatua akairuka. Na kuna kuficha. La kwanza lifundishiwe, la pili lionywe, la tatu ndilo la kumshusha mtu ngazi au hata kumwachisha kazi. Mkiyaadhibu yote sawa, mtakuwa mmeyafanya yote kuwa la tatu.

5. Ujuzi uliofungiwa kabatini

Hili ni fupi. Skana, kifaa cha kusoma kasoro za injini, ina neno la siri la mtu mmoja, vitabu viko kwenye simu ya mtu mmoja, na mafundi wakongwe wengine hugeuza mgongo wanapofika hatua yenye siri. Tunawaelewa wazee wetu: wameona wenzao wakifundisha kijana leo na kuondolewa kesho kwa sababu kijana ni rahisi kulipwa. Kosa hilo si lao. Lakini matokeo yake ni kwamba mbinu za zamani zinaendelea kurithishwa bila maelezo. Mfano mmoja wa hatari: kwenye pampu za zamani, fundi alilegeza nati ya bomba la nozeli injini ikiunguruma ili ajue silinda ipi imekufa. Kwenye injini za komoni reli za leo, ambapo bomba moja hulisha nozeli zote, dizeli iko kwenye mgandamizo unaoweza kuzidi bar 1,600. Ukilegeza, mchirizi wake unapenya ngozi na kuingia mwilini, na hilo ni jambo la kukimbizwa hospitali hata kama kidonda kinaonekana kama tundu la sindano. Silinda iliyokufa hutafutwa kwa skana, ileile yenye neno la siri.

Majibu tunayoyatarajia

Mtasema hamna muda, magari yamepanga foleni. Ni kweli yamepanga. Hesabuni kati yake ni mangapi yamerudi kwa kazi iliyokwisha kufanyika mwezi huohuo. Kadi za kazi zipo, mtu akae nazo nusu siku. Muda wa kufundisha unatumika tayari, ila unatumika kwenye kurudia.

Mtasema tukimfundisha ataondoka. Wapo watakaoondoka, na hilo hatuwezi kuwadanganya. Wengi wetu tunajua mtu aliyeondoka, na mara nyingi alifuata mahali ambapo angeshika injini. Na asiyefundishwa akibaki, mmebaki naye miaka kumi akiwa vilevile.

Mtasema akiharibu nani atalipa. Ndiyo maana tunaomba ngazi. Hakuna anayeomba mtu wa sevisi afungue difu kesho. Tena ninyi ndio mliomtuma Kitonga.

Lipo na la nne, ambalo halisemwi kwa sauti: "Huyu namjua, ni kijana wetu." Mpwa wa bosi anakabidhiwa injini katika mwezi wa tatu, na aliyekaa miaka mitano anamshikia tochi. Mpwa naye anaonewa, maana siku ikiharibika atakuwa hana hata karatasi ya kuonyesha kwamba aliwahi kupimwa.

Tunachoomba

Kwanza, kila karakana iandike orodha ya kazi zake, ishirini au thelathini zinatosha, na mbele ya kila kazi ngazi nne. Ngazi ya 1, anatazama na anaweza kueleza hatua kwa mdomo, pamoja na kitakachoharibika akiruka mojawapo. Ngazi ya 2, anafanya na msimamizi yuko pembeni. Ngazi ya 3, anafanya peke yake na kazi inakaguliwa kabla gari halijatoka. Ngazi ya 4, anafanya, na anaweza kukagua na kufundisha wengine. Ngazi ni ya kazi, si ya mtu. Msaidizi mmoja anaweza kuwa wa 4 kwenye sevisi, wa 2 kwenye breki na wa 1 kwenye giaboksi, na hakuna aibu. Orodha ibandikwe ukutani mahali kila mmoja anaiona.

Pili, kupanda ngazi kuwe kwa hesabu. Tunapendekeza mara tatu mfululizo bila dosari kwa sevisi na kazi nyepesi, na mara tano kwa breki, usukani, hab na magurudumu, maana hapo kosa linaua. Mtihani uwe kazi halisi. Kwa sevisi, kwa mfano: injini iwe ya vuguvugu, oili imwagwe mpaka iache kuchirizika, washa ya plagi iwe mpya, mpira wa filta upakwe oili na mpira wa zamani uhakikishwe haukubaki kwenye kiti chake, oili ipimwe kwa lita na sio kwa jicho, injini iwashwe mpaka taa ya presha izime, izimwe, isubiriwe dakika tano hadi kumi, stiki isomwe tena, kisha mtu aangalie chini kwa tochi. Anayemaliza hayo mara tatu bila kukumbushwa, kwa nini bado asimamiwe?

Tatu, kadi ya kazi iwe na sahihi mbili: ya aliyefanya na ya aliyekagua. Mkaguzi aandike namba aliyoisoma mwenyewe. Neno "sawa" lisikubalike kwenye kadi ya breki au magurudumu. Lisomeke, kwa mfano, fimbo kushoto mm 42, kulia mm 44.

Nne, kazi za barabarani ziwe na orodha yake. Asitumwe mtu aliye chini ya ngazi ya 3 kwa kazi hiyohiyo. Watumwe wawili. Boksi liwe na vizuizi vya matairi, stendi, ubao, pembetatu za kuakisi na taa ya kichwani. Na aliyetumwa awe na haki ya kusema "hapa haifanyiki, tuvute" bila kuitwa mwoga akirudi.

Tano, mtu akikosea ashushwe ngazi kwa kazi hiyo tu, na siku ya kupimwa tena iandikwe palepale. Leo mtu akiharibu klachi moja anarudishwa kuosha vyuma bila tarehe. Hiyo ni sawa na kumfukuza huku mkiendelea kumlipa.

Sita, fundi mkongwe aliyemfikisha kijana ngazi ya 3 alipwe kitu kwa ajili hiyo, na aandikiwe kwamba nafasi yake haitachukuliwa na aliyemfundisha. Bila hili mengine yote yataishia ukutani.

Saba, spana ya torki, geji ya saa na skana zikae stoo na daftari la kuazima. Anayeazima asaini, arudishe jioni.

Na upande wetu tuseme tutakachotoa, maana haki haiendi mguu mmoja. Tutafika nusu saa kabla ya kazi kwa siku za mafunzo. Tutasema makosa yetu siku hiyohiyo kabla gari halijatoka. Hatutasaini kazi tusiyoifanya, wala ya rafiki. Aliye ngazi ya 2 hatajifanya wa 3 kwa sababu dereva amempa ya soda.

Tunaomba orodha ya kazi na ngazi iwe imebandikwa ndani ya siku 60 tangu barua hii kusomwa, ikianza na breki na magurudumu. Jibu lenu, liwe la kukubali au la kukataa, tunaomba liwe la maandishi na libandikwe kwenye ubao wa matangazo, ambako hata mlinzi wa usiku anaweza kulisoma. Yeye ndiye anayewafungulia geti wanaotumwa barabarani.

Wenu kazini,

Mafundi na wasaidizi wa mafundi wa malori

Nakala: Madereva wa magari yote yanayotoka karakanani. Tafadhali chukueni spana ya magurudumu, na Chalinze msimame.